Taa za Daladala Zikififia

Leo tunazungumza na madereva, makonda na wenye daladala mnaopita Magomeni Mapipa na Usalama.

Taa za gari kuukuu zikififia, honi ikigoma, usikimbilie kununua betri mpya. Kwanza safisha vichwa vya betri na ukaze nati. Kisha pima kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiunguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini, kagua mkanda na alteneta. Kwa gari la volti 24, zidisha mara mbili.

Chaji ikiwa nzuri, fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi. Kutu huzuia umeme. Kwangua mpaka chuma king'ae.

Fyuzi ikiungua kila mara, mara nyingi kuna waya uliochubuka unagusa chuma. Usichomeke kipande cha waya mahali pake: nyaya zitachemka, ganda litayeyuka, na moto utawakuta abiria wamejaa ndani. Tafuta chanzo, kisha weka fyuzi ya ampea ileile. Na kabla ya kukata au kuunga waya, fungua hasi ya betri.

Dereva, roho za abiria umekabidhiwa wewe. Zitunze.