Dhamiri Wakati wa Vita: Kisa cha Franz katika Filamu ya A Hidden Life

Neno dhamiri lina asili ya Kiarabu, ambamo shina lake hubeba maana ya kulificha jambo moyoni. Kiswahili kililipokea kwa maana mbili: nia aliyo nayo mtu, na sauti ya ndani imwonyayo juu ya jema na baya. Maana hizo mbili hukutana katika filamu ya A Hidden Life, yaani Maisha Yaliyofichika, iliyoongozwa na Terrence Malick na kutolewa mwaka 2019.

Filamu hiyo husimulia kisa cha kweli cha Franz Jägerstätter, mkulima wa kijiji cha Sankt Radegund, Austria. Katika filamu, alipoitwa jeshini mwaka 1943, alikataa kula kiapo cha utii kwa Hitler. Alifungwa Linz, kisha Berlin. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo tarehe 6 Julai, naye akauawa tarehe 9 Agosti, akimwacha mkewe Franziska na mabinti watatu wadogo.

Wanaompinga Franz si waovu wote. Askofu humkumbusha wajibu wake kwa nchi. Wakili humsihi atie sahihi apate kuokoka. Hoja yao ina uzito: kukataa kwake hakutavikomesha vita, na mzigo utamwangukia mke. Filamu haiifichi gharama hiyo. Franziska huhangaika na shamba huku majirani wakimpa kisogo.

Katika onyesho moja, jaji aigizwaye na Bruno Ganz humhoji Franz faraghani. Franz akishatoka, jaji hukikalia kiti kile kile cha mshtakiwa, akanyamaza. Yeye naye ana dhamiri, ila yake imebaki katika maana ya shina lile la Kiarabu: siri ya moyo. Dhamiri ya Franz imekuwa nia, na nia hiyo imezaa tendo.

Mwaka 1997 mahakama ya Berlin iliibatilisha hukumu ile, na mwaka 2007 Kanisa Katoliki lilimtangaza Franz kuwa mwenye heri. Franziska aliishi hadi mwaka 2013, karibu miaka 70 baada ya kufiwa. Mhakiki hana budi kuichunguza dhamiri yake pia. Hakuitwa kula kiapo wala hakufikishwa mahakamani. Lakini katika filamu, wanapoonana gerezani kwa mara ya mwisho, ndiye amwambiaye mumewe atende lililo haki, hali akijua litakavyomgharimu.