TAARIFA YETU YA NISHATI SAFI IREKEBISHWE
Maneno ya Katibu wa Tawi

*Ndugu wanachama,* wengi hamkuweza kufika kwenye kikao cha Jumamosi kwa sababu ya mahindi yaliyoko shambani na msiba uliotupata. Mwenyekiti ameniagiza niwatumie maneno yangu kama nilivyoyasoma, ili msije mkasikia ya kuambiwa. Someni hadi mwisho, maana mwishoni kuna jambo la kupigia kura.

————



Nianze na kosa langu. Kwenye taarifa ya utekelezaji wa Ilani tuliyopeleka Kata mwaka jana, niliandika kwa mkono wangu kwamba kaya 36 za tawi letu zimeachana na kuni na mkaa. Namba hiyo niliitoa kwenye orodha ya waliosaini kupokea mitungi ya gesi ya kilo 6. Sikuingia jikoni kwa mtu yeyote. Mimi nimesomea uhasibu, najua kwamba sahihi ya kupokea kitu si ushahidi kwamba kitu kinatumika. Hata hivyo niliandika, kikao kikapitisha, tukapiga makofi.

Mwezi uliopita nilipita nyumba hizo zote 36 pamoja na mabalozi. Hiki ndicho tulichokikuta:

▪️ Kaya 9 zinapikia gesi kila siku.
▪️ Kaya 7 zina gesi, lakini ni ya chai ya wageni na ya uji wa mtoto usiku.
▪️ Kaya 14 mtungi ni mtupu. Kwingine umefunikwa kitambaa, kwingine unakaliwa.
▪️ Kaya 6 mtungi haupo. Umeuzwa, au umekwenda na kijana anayesoma mjini.

Kwa hiyo si 36. Ni 9.

*Kwa nini mitungi imekaa mitupu?*

Hakuna aliyeniambia kwamba gesi ni mbaya. Waliniambia habari ya fedha, na walisema kweli. Kujaza mtungi mdogo hapa kwetu ni shilingi 26,000, na bodaboda kwenda mjini na kurudi ni 4,000. Jumla 30,000. Kwa familia ya watu watano wanaopika kwa uangalifu, gesi hiyo inakaribia mwezi. Sasa angalia upande wa mkaa. Mama ananunua wa shilingi 1,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni 30,000 ile ile.

Gharama inalingana, ila mkaa unauzwa kwa kopo na gesi inauzwa kwa mtungi. Elfu moja inapatikana kila siku kwa kuuza nyanya au kusuka nywele. Elfu thelathini kwa mkupuo, mwezi wa pili, wakati mahindi bado mabichi na ada za watoto zimeshalipwa, haipatikani. Na anayeokota kuni mwenyewe hatoi hata hiyo elfu moja. Analipa kwa mgongo wake na kwa siku nzima ya kupanda na kushuka upande wa Mbizi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulifikiria hadi nilipoketi jikoni kwa bibi mmoja wa shina la pili. Nilimuuliza kwa nini mtungi wake haujazwi, na mwanawe wa Mbeya anamtumia hela. Akanijibu: “Mwanangu, huo mtungi wako hauniotishi magoti.” Ilikuwa mwezi wa saba, na ninyi mnaijua baridi ya Ufipa mwezi wa saba. Kwetu moto wa jikoni haupiki tu. Unapasha nyumba joto, unakausha mahindi ya kwenye dari, na ndipo wazee wanapokaa na wajukuu. Anayepanga nishati ya Sumbawanga kama anavyopanga ya Dar es Salaam atamnyang’anya bibi huyu moto bila kumpa kitu badala yake. Naye hatabishana na mtu, atapokea mtungi, atasaini, kisha atawasha kuni.

*Hili linahusu nini mpango wa nchi?*

Ndugu wanachama, Mei 2024 Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mwezi huo huo alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris uliojadili suala hili kwa Afrika nzima. Sababu mnazijua: Serikali imetaja vifo vya watu 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa jikoni. Misitu inakwisha, na sisi ambao nyanda zetu ni za nyasi tupu tunajua Mbizi ikiisha hakuna nyingine. Vijito vyetu vinaanzia kule.

Lengo ni zuri. Lakini asilimia 80 itajulikanaje kwamba imefikiwa? Itajulikana kwa kujumlisha. Tawi na kijiji vinapeleka kwenye kata, kata wilayani, wilaya mkoani, mkoa unapeleka juu. Kama kila katibu atafanya nilivyofanya mimi, akahesabu sahihi badala ya sufuria, basi mwaka 2034 nchi itasoma 80 kwenye karatasi wakati moshi bado unatoka kwenye paa. Na mbaya zaidi, fedha zitaacha kuja kwetu, kwa sababu sisi wenyewe tulishasema tumemaliza.

Mfano mwingine ni wa umeme. Nchi yetu ina vijiji 12,318, na Serikali kupitia REA imetangaza kwamba vyote vimefikiwa na umeme. Hiyo ni kazi kubwa na tunaisifu. Lakini vitongoji ni 64,359, na nyumba ni zaidi ya hapo mara nyingi. Kijiji kufikiwa maana yake waya umeingia kijijini. Si kwamba taa inawaka kwa kila mtu, na hata taa ikiwaka si kwamba jiko nalo limehama. Ni hatua tatu tofauti, na kila moja inataka hesabu yake. Tukizichanganya tunajidanganya.

*Umeme wetu unatoka wapi?*

Baadhi ya vijana waliniuliza: kwa nini tusipikie umeme, si Bwawa la Julius Nyerere limekamilika? Ni kweli. Bwawa lile la Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Lakini lazima tujue tuko wapi kwenye ramani. Kwa zaidi ya miaka 20 Sumbawanga imetumia umeme unaonunuliwa Zambia, unaoingia kupitia Mbala, pamoja na mitambo ya dizeli. Ndiyo maana unajengwa mradi wa TAZA, njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ili mkoa wetu uingie kwenye Gridi ya Taifa na nchi yetu iunganishwe na Zambia kwa njia kubwa.

Na jirani zetu wametupa somo. Umeme wa Zambia kwa zaidi ya asilimia 80 ulikuwa wa maji. Mwaka 2024 ukame ukatangazwa janga la taifa, Ziwa Kariba likashuka, na wananchi wakakaa gizani saa nyingi kila siku. Sisi nasi tunaukumbuka mgao wa 2006 na wa 2011, Mtera ilipokauka. Kwa hiyo tusijivunie bwawa moja tukalala. Kenya walianza kuzalisha umeme wa joto ardhi Olkaria mwaka 1981, na leo mvua ikikosa wana pa kushika. Hapa kwetu kuna gesi ya Songosongo na Mnazi Bay, kuna mradi wa jua wa Kishapu, na kuna joto ardhi la Ngozi, hapo Mbeya. Mkulima wa Ufipa hapandi mahindi peke yake, anaweka na maharage, anaweka na ulezi. Taifa nalo lipande hivyo.

*Sasa hesabu ya sufuria*

Niliamua kujipima mwenyewe kabla ya kuwashauri wengine. Nilinunua jiko la umeme la presha kwa shilingi 120,000. Nikasoma mita ya LUKU kabla ya kubandika maharage na baada ya kuepua. Maharage makavu, ya kutosha watu sita, yalitumia nusu uniti.

Mtumiaji mdogo, yule wa kundi la D1 asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inakuwa 122. Nusu uniti ni shilingi 61. Mkaa wa kuivisha maharage hayo hayo haupungui shilingi 700. Na hiyo asilimia 3 ya REA iangalieni kwenye risiti zenu. Kila mtu anayenunua LUKU humu ndani anachangia nguzo ya kijiji kingine. Mpango wa taifa hauko mbali, uko kwenye meseji ya simu yako.

Lakini kuna mtego. Uniti 75 kwa siku 30 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Taa, simu, redio na televisheni vinachukua karibu uniti moja. Inabaki moja na nusu. Ukipika maharage au kande na wali kwenye presha, bado umo ndani. Ukianza kuchemshia maji ya kuoga watu sita kwa umeme, na kusonga ugali kwenye jiko la sahani, utavuka 75 na kuhamishiwa T1, ambako uniti pamoja na makato ni kama shilingi 356. Hapo mtu atasema umeme ni ghali na kurudi kwenye kuni kwa hasira.

Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba kila mtu aache kuni kesho. *Tuanze na sufuria inayokula kuni nyingi kuliko zote: maharage na kande.* Hizo ndizo zinazokaa motoni saa tatu. Ugali ni dakika ishirini, upikwe kwa gesi kidogo au kwenye jiko banifu. Na bibi wa shina la pili aachiwe moto wake wa jioni, lakini uwe wa kuota, si wa maharage ya siku nzima.

*Mapendekezo matatu ya kupigia kura*

*1. Taarifa irekebishwe.* Tupeleke barua Kata kwamba kaya 36 zilipokea mitungi, na kaya 9 ndizo zinazopikia gesi kila siku. Kuanzia sasa tuhesabu kila robo mwaka kwa kuingia jikoni. Ndugu yetu mmoja aliniambia kikaoni kwamba tutaaibisha tawi wakati mgeni wa mkoa anakuja. Namheshimu sana, ni mzee wangu katika Chama. Lakini mgeni akiomba kuonyeshwa jiko moja tu, aibu itakuwa kubwa zaidi. Na kama kuna mtu wa kulaumiwa, sahihi iliyo chini ya taarifa ile ni yangu.

*2. Mfuko wa majiko.* Mfuko wa tawi una shilingi 1,460,000. Naomba tutenge 600,000, tununue majiko matano ya presha, tuwakopeshe wanachama watano wenye umeme. Marejesho yawe mara mbili, yote baada ya kuuza mahindi, si kila wiki. Yakirudi, tunanunua mengine matano. Mabalozi ndio watakaothibitisha wakopaji, na daftari litakuwa wazi kwa kila mwanachama kulikagua. Wasio na umeme, kila shina lianzishe kibubu cha gesi: shilingi 1,000 kwa siku, ile ile ya mkaa, ili mtungi ukiisha hela iwepo. Mijini kuna mita zinazomwezesha mtu kulipia gesi kidogo kidogo. Hadi zitufikie, kibubu kitafanya kazi hiyo.

*3. Jiko la shule.* Watoto wetu bado wanabeba kuni kwenda kuivisha uji, wakati taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeshaelekezwa kuacha kuni na mkaa. Tupeleke hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tukiwa na makadirio ya gharama mkononi. Nimejitolea kuyaandaa.

Ndugu wanachama, sikuja kuvunja moyo. Kaya 9 si kitu kidogo. Ni akina mama tisa ambao mwaka juzi walikuwa wanapuliza moto huku macho yanatoka machozi. Ila ni tisa, na kutoka tisa tunajua tunakwenda wapi. Kutoka 36 ya uongo hatukuwa na pa kwenda.



————

*Kura itapigwa Jumapili ijayo saa 9 alasiri, ofisi ya tawi.* Njoo na kadi yako. Ambaye hakubaliani nami naye aje. Daftari la ukaguzi wa nyumba 36 litakuwa mezani, bila majina, kila mtu alisome.

*Katibu wa Tawi*