Njia Mbili, Jibu Moja
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie hisabati. Tangu asubuhi nimesikia mara mbili, tena kwa wazee wenye mabinti, kwamba hesabu ni za wavulana. Basi nitaanzia hapo.

Huko Marekani, Elizabeth Fennema wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake waliwafuatilia watoto 82 kwa miaka mitatu tangu darasa la kwanza, wakatoa matokeo mwaka 1998. Katika hesabu za kawaida za kujumlisha na kutoa, wavulana na wasichana walikuwa sawa. Walitofautiana njia. Chukueni mfano wangu, 49 kujumlisha 36. Wasichana walielekea zaidi kuhesabu kwa vidole au vitu. Wavulana walielekea zaidi kujitungia njia: toa 1 kwenye 36 uipe 49, sasa una 50 na 35, jibu 85.

Tatizo lilijitokeza darasa la tatu, kwenye maswali yaliyotaka ujuzi wa zamani utumike mahali papya. Wavulana waliongoza. Lakini watoto waliozoea mapema kujitungia njia, wa kike kwa wa kiume, waliyaweza maswali hayo kuliko wasiozoea. Wazee, hapo ndipo penye neno.

Mwaka 1994, Gallagher na De Lisi walikuwa wameona jambo kama hilo kwa wanafunzi hodari wa sekondari katika maswali ya SAT, mtihani wa kuingilia vyuo huko huko Marekani. Wasichana walishikilia zaidi kanuni ya darasani. Wavulana walitumia zaidi makadirio. Huo ni wastani, haumhukumu mtoto yeyote mmoja.

Mimi naona sisi wenyewe tunachangia. Binti husifiwa kwa daftari safi. Akiruka hatua, huulizwa nani kamfundisha hivyo. Kaka yake akiruka, tunasema ana akili.

Vijana, msipige makofi! (Kicheko.) Msahihishaji haoni vichwani mwenu. Njia ya mkato iandikeni, hatua kwa hatua.

Nanyi wazee, binti akileta jibu sahihi kwa njia msiyoijua, mwacheni aieleze mpaka mwisho kabla hamjashika kalamu.