Gari Limekataa Kushika: Mazungumzo Kuhusu Imobilaiza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva, makanga na wanakamati wa vikundi vyenye magari, kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe.)

 

Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalokula pesa za vikundi. Gari limelala zima jioni, asubuhi halishiki. Taa zinawaka, honi inalia, stata inazunguka, lakini injini wapi. Ama inashika sekunde mbili kisha inazima. Watu wanakusanyika, na kila mmoja ni fundi. Huyu asema betri, yule asema pampu ya mafuta, wa tatu asema, "Sukumeni!" Sisi twasema, ngojeni kwanza. Huenda gari hilo halina ugonjwa wowote, ila halikuutambua ufunguo.

Ufunguo wa gari la siku hizi si chuma peke yake. Ndani ya ile plastiki ya kushikia kuna chipu ndogo sana, nyingine kama punje ya mchele iliyofungwa kwa kioo. Chipu hii haina betri. Ile betri ndogo mnayoiona mkifungua ufunguo ni ya vibonyezo vya kufungia milango, ni habari nyingine. Ukitia ufunguo kwenye swichi, kuna pete ya waya iliyozunguka pale tundu la ufunguo. Pete hiyo huipa chipu nguvu kidogo, nayo chipu hujibu kwa namba yake ya siri. Namba ikikubaliwa, kompyuta ya injini huachilia mafuta na moto. Isipokubaliwa, basi. Gari nyingine haitazungusha hata stata, nyingine itazungusha tu bure. Na kusukuma hakusaidii. Mtalisukuma kutoka Bamburi mpaka soko la Kongowea na mtafika mkiwa mmelowa jasho, gari bado kimya.

Kifaa hicho ndicho kinachoitwa imobilaiza. Kililetwa kwa sababu ya wizi. Ulaya walikifanya lazima kwa kila gari dogo jipya kuanzia Oktoba 1998, na Australia wakafuata mwaka 2001. Hapa kwetu kimekuja ndani ya magari yenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8, kwa hivyo magari yanayoteremshwa Kilindini leo yanazidi kuwa ya kompyuta. Si kila van inacho, kwa hivyo dereva ajue kama lake linacho kabla halijamkwama.

Atajuaje? Atazame dashibodi. Kuna taa ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye picha ya gari na ufunguo au kufuli. Kwenye Toyota nyingi humeta polepole gari likiwa limefungwa, na ukitia ufunguo hupaswa kuzima. Ikiendelea kumeta au ikabaki imewaka na huku gari halishiki, msinunue betri, msifungue stata. Gari linawaambia kwamba ufunguo haukusomwa. Taa ikizima vizuri na gari bado halishiki, hapo ndipo mtafute mafuta, fyuzi na mengineyo.

Sasa hapa makanga watusikilize. Wengi hubeba ufunguo wa gari, ufunguo wa akiba, wa nyumbani, wa pikipiki ya jirani, zote kwenye kishikizo kimoja na kipande cha chuma cha urembo. Chipu mbili zikikaribiana, pete ile huchanganyikiwa, na chuma nacho huweza kuzuia. Toeni ule ufunguo mmoja peke yake, jaribuni tena. Haigharimu hata shilingi. Kwa magari ya kubonyeza, betri ya ufunguo ikiisha, kanyaga breki, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Ndivyo Toyota nyingi zilivyotengenezwa. Jambo jingine, betri ya gari ikiwa dhaifu sana, kompyuta pia hushindwa kusoma. Kwa hiyo kaza temino na uondoe ile kutu nyeupe kwanza.

Twataka kukaa kidogo kwenye habari ya ufunguo, maana hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Kuna gari la kikundi kimoja, tusilitaje, plastiki ya ufunguo wake ilipasuka. Dereva akaupeleka kibandani, akawekewa ganda jipya zuri linalong'aa. Ufunguo ukafungua mlango, ukazunguka kwenye swichi, gari likakataa. Wakanunua betri, ambayo kwa gari kama hilo ni shilingi 10,000 na zaidi. Wakabadilisha pampu. Siku nne gari limekaa, na wenye mizigo wamekwenda kwa wengine. Chipu ilikuwa imebaki ndani ya lile ganda kuukuu, na ganda limeshatupwa. Fundi wa kibandani hakufanya ubaya wowote. Aliombwa ganda, akatia ganda. Ila hakuna aliyemwambia, "Hamisha na chipu."

Na gari hilo lilikuwa na ufunguo mmoja tu. Magari mengi ya kuagizwa huja hivyo, na sisi hupokea tukifurahi. Ufunguo wa pili unapotengenezwa wakati wa kwanza unafanya kazi, kazi ni ndogo. Fundi mwenye kompyuta yake huja, huuandikisha, huondoka. Zikipotea zote, kompyuta ya injini huenda ikabidi ifunguliwe na kumbukumbu yake isafishwe, au inunuliwe nyingine. Kwenye Toyota za nyuma kidogo kuna ufunguo mkuu, na kuna mdogo wake, mara nyingi wa kijivu. Mdogo huwasha gari lakini hauwezi kuandikisha mwenzake. Kwa hiyo mnapolinunua gari, ulizeni ni upi mnaopewa. Kwa maoni yetu kamati isimalize kulipa gari kabla ya kuona funguo mbili zikiliwasha, na wa pili ukae kwa mweka hazina, si mfukoni mwa dereva.

Kuna pia vile vitu tunavyoongeza wenyewe. Tangu Februari 2004, kwa zile sheria za waziri John Michuki, matatu zimefungwa gavana. Baadaye zikaja traka za wenye mikopo, alamu, na katauti za kufichwa chini ya kiti. Kila kimoja kimekata waya mahali na kuunganisha kwa tepu. Hewa yetu ina chumvi, na shaba huota kutu ya kijani. Relei ya traka ikiliwa na kutu hukata moto kama ulivyokatwa na mwenye mkopo. Dereva hulaumu kiwanda cha Japani, kumbe ni tepu ya Changamwe. Muulizeni fundi achore kwenye karatasi alikopita na waya zake, na karatasi ikae kwenye faili ya gari.

Mtakutana na fundi atakayesema, "Hii kitu tuitoe kabisa." Inawezekana, na mara chache ndiyo dawa iliyobaki. Lakini mjue kwamba baada ya hapo chuma chochote kilichochongwa kitaliondoa gari lenu usiku. Mwenye bima kamili asome mkataba wake kwanza. Na uamuzi huo si wa dereva peke yake barabarani saa mbili usiku, ni wa kamati.

Haya si maneno ya gereji tu. Gari likizimwa ndani ya feri likakataa kushika upande wa pili, walio nyuma wote wamefungwa. Likikataa alfajiri Mtongwe na ndani yuko mama wa kupelekwa Coast General, hakuna wa kungoja mafundi watano wabishane. Ule ufunguo wa pili ukiwa karibu, utajaribiwa kwa dakika moja.

Sasa tutokeni uani. Gari liko chini ya mwembe. Kila aliye na ufunguo aje nao, hata uliopasuka, tuufungue tuone kama chipu ingalimo.