Nyumba inatengenezwa: tulale wapi?

Masomo: Walawi 14:33-48, Mithali 27:10, Luka 10:5-7

Tunakusalimu wewe uliye nyumbani kwako, wewe uliye chini ya shitingi, na wewe uliye kwa ndugu, ambaye kila jioni unatandika godoro mahali wenyeji wanapokula mchana.

Katika mwaka wa 2020 makanisa yalikuwa yamefungwa. Mwezi wa Machi serikali ilikataza kukusanyika zaidi ya watu 20, na tarehe 24 Machi 2020 hali ya dharura ikatangazwa; Neno lilikufikia kwa redio na kwa karatasi. Lakini hapa Uvira tulikuwa na msiba wa pili juu ya ule wa Korona. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili mito ilifurika, Mulongwe ikaingia nyumbani mwa watu. Makumi ya watu wetu walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka au zikapasuka. Bado tunalia pamoja na wenye kulia.

Kisha ukafika mwezi wa Juni. Kiangazi kilikuwa kimefika, matofali yalikuwa yanakauka, na kila mtu alitaka kusimamisha ukuta wake mbele ya mvua ya mwezi wa tisa. Ndiyo sababu swali moja lilikuja kwetu mara nyingi, kwa simu na kwa njia: “Mchungaji, fundi anasema tutoke nyumbani wiki tatu. Ndugu yetu anatuita kwake. Lakini wanasema watu wasisongamane sababu ya Korona. Twende, ao tubaki?”

Wengine walijibu upesi: “Sisi ni watoto wa Mungu, damu ya Yesu inatulinda, nenda tu.” Wengine walijibu upesi vile vile: “Serikali imekataza, kila mtu abaki kwake.” Tusijibu upesi. Tufungue Biblia.

Katika Walawi 14 tunaona jambo ambalo wengi wetu tumelisoma haraka bila kusimama. Mungu anatoa sheria juu ya nyumba yenye pigo ndani ya ukuta. Angalia mpangilio wake. Kwanza, mwenye nyumba mwenyewe anakwenda kwa kuhani na kusema kwamba ameona kitu kibaya nyumbani mwake. Pili, kuhani anaagiza vyombo vyote vitolewe mbele yeye hajaingia, ili visihesabiwe najisi pamoja na nyumba. Tatu, nyumba inafungwa siku saba. Kisha mawe mabaya yanaondolewa, udongo wa zamani unakwaruzwa, mawe mapya yanawekwa, na ukuta unapakwa udongo mpya. Mtu anayeingia wakati nyumba imefungwa anakuwa najisi mpaka jioni, na aliyelala humo anafua mavazi yake.

Wapendwa, hapo kuna kutengeneza nyumba na kuna kujitenga, ndani ya sura moja. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuhesabu siku na kukaa mbali ni kukosa imani. Mungu ndiye aliyeagiza. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, Yesu alikataa, kwa sababu kumjaribu Mungu si imani.

Lakini sura ile haisemi wenye nyumba walilala wapi siku zile saba. Imenyamaza. Sisi tunaamini kwamba walilala kwa watu, kwa ndugu ao kwa jirani, maana Israeli walikuwa na amri ya kupendana. Basi Biblia haikukatazi kwenda kwa ndugu yako. Inakuuliza unakwenda namna gani. Na mlango wa jambo lote ni lile la kwanza: mwenye nyumba alikwenda mwenyewe na akasema ukweli.

Hapa tunapaswa kutubu mbele yenu.

Mwezi wa tano ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, uliolowa na maji ya Aprili, ulianza kuinama. Fundi akasema tusilale humo tena. Tukamwita kaka yetu mkubwa, akasema, “Njooni.” Kwake anaishi mama yetu mzazi, ni mzee na ana ugonjwa wa sukari. Siku ya kuhama mtoto wetu wa mwisho alikuwa na homa na kikohozi. Sisi na mama mchungaji tuliangaliana. Tulijua kwamba tukisema, labda kaka atatuambia tungoje. Asubuhi tukampa mtoto dawa ya kushusha homa, ili tukifika mwili wake uwe baridi. Mama alipomsikia akikohoa, tukasema ni vumbi ya fundi. Tena tukaomba pale mlangoni, tukabariki nyumba ya kaka kwa jina la Yesu, na uongo wetu ukiwa bado kinywani.

Siku ya tatu usiku mama akashikwa na homa. Kaka alitoka chumbani, akasimama mbele ya godoro letu na taa ya simu mkononi. Akauliza, “Mdogo wangu, huyu mtoto alikuwa mgonjwa mbele mfike?” Sisi tunaohubiri kila juma hatukuwa na neno la kujibu.

Kwenye kituo cha afya walipima, wakaona malaria kwa mama, malaria kwa mtoto. Wakapewa dawa, wakapona. Mungu aliturehemu. Lakini, wapendwa, rehema ya jana isiwe ruhusa ya kesho. Usiku ule hatukujua kama ni malaria. Tuliketi inje mpaka asubuhi tukifikiri kwamba tumemletea mama yetu kifo ndani ya shuka la mtoto.

Asubuhi tulimwambia kaka yote, hata ile dawa. Alinyamaza sana. Kisha akasema neno ambalo hatutalisahau: “Ungeniambia ukweli, ningewapa ile aneksi ya nyuma. Niliiacha tupu kwa ajili ya shida kama hii.” Kumbe nafasi ilikuwako. Tuliogopa kunyimwa, tukasema uongo, na uongo ndio uliotunyima.

Basi tuseme mashauri machache, na mtuvumilie kama ni ya nyumbani kabisa, maana nyumba ndiyo shida yetu.

La kwanza. Sema ukweli mbele ya kufika. Piga simu: tuko watu wangapi, tutakaa siku ngapi, nani anakohoa, nani ana homa. Kama kuna mgonjwa, mpeleke kwanza kwenye kituo cha afya. Na wewe vile vile uulize: kwenu kuna mzee? kuna mgonjwa wa sukari ao wa kifua? Upendo, Paulo anafundisha katika Warumi 13, haumtendei jirani baya. Kama kuja kwako kutamweka mzee hatarini, tafuta pengine, hata kama ndugu anakuita kwa machozi.

La pili. Siku zako ziwe chache. Usitoke nyumbani mbele ya vifaa kufika. Wengi wametoka, kisha wakaanza kutafuta pesa ya simenti na misumari, na wiki tatu zikawa miezi mitatu. Panga matofali, mbao na mabati kwanza, patana na fundi siku, ndipo uhame. Kama inawezekana, tengenezeni chumba kimoja kwanza, mlale humo, kisha muendelee na kingine. Lakini ukuta unaoinama usiukawie hata usiku mmoja.

La tatu. Kaa nyumba moja. Katika Luka 10 Yesu aliwakataza wanafunzi kuhamahama kutoka nyumba mpaka nyumba. Aliwaambia wakae pale walipopokelewa, wale walichopewa. Neno lile lina hekima hata kwa wakati wa ugonjwa. Anayelala leo kwa mjomba, kesho kwa shangazi, kesho kutwa kwa shemeji, anabeba kikohozi cha nyumba moja kupeleka katika nyumba zote tatu.

La nne. Usije mikono mitupu. Leta unga wako, makala yako, sabuni yako. Watoto wanawe mikono, na maji ya ziwa ao ya mto yatiwe dawa, maana hapa kwetu kipindupindu hakikuondoka kwa sababu Korona ilifika. Lala madirisha yakiwa wazi kama usalama unaruhusu.

La tano. Mithali 27:10 inatushauri kwamba siku ya taabu tusikimbilie tu nyumbani kwa ndugu, na kwamba jirani aliye karibu anafaa kuliko ndugu aliye mbali. Labda mwenye chumba kitupu ni jirani wa avenyu yako, mtu wa kanisa lingine kabisa. Mwombe. Ukilala karibu utamwangalia fundi wako, na simenti yako haitapotea.

Sasa tunasema nawe mwenye nyumba unayeombwa. Mwanamke wa Shunemu, katika 2 Wafalme 4, alimtengenezea Elisha chumba kidogo cha juu, chenye kitanda, meza, kiti na taa, mahali pa kukaa peke yake. Kama una aneksi, jikoni ya inje, ao depo, ifungue. Usimsukume mgeni katika chumba cha mama mzee ili watu waseme una moyo mzuri.

Na kama huwezi, sema huwezi. Kukataa kwa ukweli si dhambi. Lakini usikatae halafu ukanyamaza. Kumbuka kwamba katika Walawi vyombo vilitolewa inje. Usipoweza kulaza watu, unaweza kutunza vyombo vyao, ukawapa shitingi, ao ukawapikia wakati ukuta unasimamishwa.

Na wewe uliyekataliwa, usichukue kinyongo. Labda ndugu yako amemlinda mama yenu wote wawili.

Wako waliokosa ndugu, na jirani wamelala inje kama wao. Mashemasi, tusiwaache. Kanisa lilifungwa kwa ibada, lakini upendo haukufungwa. Kila shemasi ahesabu katika kartiye yake ni nani analala chini ya ukuta uliopasuka, atuletee majina juma hili.

Tuombe. Baba, wewe uliona usiku ule wa maji. Wafariji waliobaki. Simamisha kuta zetu mbele ya mvua. Linda wazee wetu. Tuondolee uongo mlangoni, utupe kinywa cha kusema ukweli na moyo wa kuupokea. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.