Mkopo ni Imani



Katika vitabu vyetu vya hesabu tunakutana na maneno ya Kiingereza tuliyoyazoea bila kuyachunguza. Leo tutazame yale yenye herufi c-r-e-d. "Credit" ni mkopo. "Credible" ni mtu au jambo la kuaminika. "Credentials" ni hati zinazomfanya mtu aaminiwe. Yote yametoka katika kitenzi cha Kilatini "credere", yaani kuamini. Ndiyo maana Kanuni ya Imani kwa Kilatini huanza na "Credo": nasadiki.

Kwa hiyo anayekopesha hutoa kwanza imani, ndipo fedha. Kiswahili nacho kinalijua hilo: imani, amana na uaminifu ni maneno ya shina moja lililotoka Kiarabu.

Lakini tuwe waangalifu. "Sacred", yaani takatifu, lina herufi zile zile, ila si la ukoo huo. Asili yake ni "sacer", neno jingine la Kilatini. Kufanana si undugu.

Ndivyo ilivyo katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Daftari la uongo laweza kufanana kabisa na la kweli. Tulilinganishe na stakabadhi, tuhesabu fedha mbele ya wanachama, na taarifa isomwe hadharani. Mjane aliyeweka akiba kwetu ametukabidhi amana. Tukiipoteza, atapoteza fedha zake, nasi hatutaaminiwa tena.