Kabla Mtaa Mpya Haujajengwa



Mradi mkubwa wa nyumba unapotangazwa, kitu cha kwanza wanachoonyeshwa raia ni picha: maghorofa meupe, miti iliyopangwa mistari, watoto wakicheza. Sisi wa Tume tumeziona picha hizo nyingi, na hatuna ugomvi nazo. Twasema tu kwamba picha haionyeshi bomba wala daftari, na katika vitu hivyo viwili ndimo haki ya mkaaji inamopatikana au kupotea.

Tuanze na bomba. Huko Soweto Mashariki, Kibera, katika mpango wa serikali ya Kenya wa kuboresha mitaa ya mabanda, nyumba 822 zilizinduliwa mwezi Julai 2016. Tuhesabu kama mhandisi ahesabuvyo kabla ya kuchora. Kila nyumba tuipe watu watano. Tutapata wakaaji 4,110. Shirika la Afya Duniani husema kwamba mtu ahitaji lita 50 hadi 100 za maji kwa siku. Tushike hizo 50: ni lita 205,500. Wahandisi hukadiria kwamba sehemu nne kwa tano za maji yaingiayo nyumbani hutoka tena yakiwa maji taka, yaani lita 164,400 kila uchao. Zote zapaswa kupata njia.

Maji taka hayatii amri ya mtu; huteremka tu. Bomba likilazwa kwa mteremko mdogo mno, uchafu hutulia na kuziba. Ndiyo maana mpango mwema huanza kwa kupima mwinuko wa ardhi, ukafuata bomba kuu la maji taka, kisha mitaro ya mvua iliyotengwa nalo, kisha barabara. Kuta huja baadaye. Tena ardhi iliyofunikwa kwa saruji na lami hainywi mvua. Maji yaliyokuwa yakizama polepole sasa hukimbia yote kwa pamoja. Soweto Mashariki huteremkia Bwawa la Nairobi, lililochimbwa mwaka 1953, ambalo kwa miaka mingi limesongwa na taka na magugu maji. Kosa la aliye juu hulipwa na aliye bondeni.

Liko pia suala la kupanda. Maji hufika ghorofa ya tano kwa pampu, na pampu hula umeme. Umeme ukikatika, au fedha za kuulipia zikikosekana, mama hubeba mtungi wa lita 20, yaani kilo 20, ngazi baada ya ngazi. Basi tuulize mapema: gharama ya pampu hiyo itatoka mfuko gani?

Swali hili si dogo. Mjini St. Louis, Marekani, mtaa wa Pruitt-Igoe ulipokea wakaaji wa kwanza mwaka 1954: majengo 33 ya ghorofa 11, kazi ya msanifu mashuhuri Minoru Yamasaki. Ili kubana matumizi, lifti zilisimama kila baada ya ghorofa tatu, na vyoo vya chini vya watoto waliokuwa wakicheza nje viliondolewa katika mchoro. Serikali ilitoa fedha za kujenga, lakini matengenezo yaliachiwa kodi ya wapangaji. Wakaaji walipopungua, kodi ilipungua. Kodi ilipopungua, lifti hazikutengenezwa. Na lifti zilipokufa, wenye uwezo wakahama. Waliobaki walikuwa maskini kupita wote, na ndio waliopandishiwa kodi, hata mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma mjini humo wakagoma kulipa kwa miezi tisa. Mwaka 1972 majengo yale yalianza kubomolewa, kabla hayajatimiza hata miaka 20.

Turudi kwetu. Wataalamu husifu mtaa wenye makazi, maduka na karakana mahali pamoja, kana kwamba ni uvumbuzi. Mabanda yamekuwa hivyo tangu mwanzo: mama huuza mboga mlangoni pake huku akimtazama mtoto, na jirani yake hushona nguo chumbani alalamo. Wapandishe ghorofa ya nne, umewapa choo ukawanyang'anya wateja. Pale Soweto Mashariki vilijengwa vibanda 245 vya biashara. Ni jambo la kushukuru. Lakini gawanya, utaona kibanda kimoja kwa kila familia tatu na zaidi. Nani aliamua familia ipi ikipate?

Hapo twafika kwenye daftari. Mwaka 2009 familia zilihamishiwa Lang'ata, katika nyumba 600 za vyumba vitatu vitatu, zikae humo hadi mtaa wao ujengwe. Familia kadhaa ziligawana nyumba moja, jiko moja na choo kimoja. Kungoja huko kulichukua miaka saba: mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alikuwa darasa la nane nyumba zilipozinduliwa. Katika muda kama huo watu hufa, huoa, huachana, huuza nafasi zao kwa shida ya karo. Kama jina lililoandikwa ni la mwenye banda tu, mpangaji aliyelala humo miaka kumi hana alipo.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya makazi ya kufaa na usafi unaostahili. Na tangu Machi 2024 sheria humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, ili nyumba zijengwe. Kwa hiyo tunapouliza, hatuombi fadhila.

Tumeanza daftari letu wenyewe. Jumapili ijayo, baada ya ibada, kila kaya itaandikwa: jina la mpangaji pamoja na la mwenye banda, kazi ifanyikayo mlangoni, na kiasi kinachobaki mwezini baada ya chakula na karo. Nakala moja itakaa hapa. Nyingine tutaipeleka kwa maofisa wa mipango miji kabla ya zabuni kutangazwa, na siku hiyo hiyo tutaomba kuonyeshwa mchoro wa mabomba.